Jicho la Bi Inshirah wa Attarin

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo. Kama wewe ni mtu wa Aleksandria, na kama uliwahi kukuta sarafu ya zamani chini ya godoro la bibi yako ukaanza kuota gari na nyumba ya ghorofa, basi yupo mwanamke mmoja aliyekurudisha duniani. Alikuwa akikaa Attarin, soko letu la vitu vya zamani, baada ya yule muuza taa, kwenye kiti cha henzirani chenye mto mwekundu. Mwanamke huyo ni Bi Inshirah Zaki. Alifariki dunia Jumanne ya wiki iliyopita, asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na miaka sabini na mmoja. Tunarudia kwa waliochelewa kufungua redio: Bi Inshirah Zaki, mpima sarafu wa Attarin, hatunaye tena.

Wengi wenu mlimkasirikia. Msikatae. Mlimpelekea hazina yenu mkiwa mmeifunga kwenye leso, mkarudi nayo mkiwa mmenuna. Lakini hata siku moja hakuna aliyesema kwamba mama yule alimdanganya. Leo tuizungumze kazi yake, na tumzungumze yeye mwenyewe.

Bi Inshirah alizaliwa mtaa wa Bakos, karibu kabisa na reli ya tramu, kiasi kwamba ikipita glasi za chai zilikuwa zinacheza mezani. Baba yake, Mzee Zaki, alikuwa kondakta wa tramu hiyo. Nauli wakati huo ililipwa kwa milimu, zile sarafu ndogo za shaba, na Mzee Zaki alizishika kutwa nzima mpaka vidole vikawa vyeusi. Siku ya mshahara alikuwa na mchezo wake. Akiona kwenye mkoba wa nauli sarafu iliyompendeza, labda ya mfalme yule wa zamani, labda ya mwaka aliooa, basi aliweka mkobani fedha yake mwenyewe na kuichukua ile. Hakuiba hata milimu moja, alibadilisha tu. Alirudi nazo nyumbani na kuzitia kwenye kopo la biskuti.

Alikuwa na watoto wawili. Mkubwa ni Inshirah. Mdogo, aliyemfuata kwa miaka miwili, ni Bahgat, ambaye wakazi wa Bakos wanamjua kwa kazi yake ya kupiga pasi. Bahgat ametueleza jinsi baba yao alivyokuwa akiwafumbisha macho na kuwatilia sarafu kiganjani.

"Mimi nilikuwa napoteza tu," anasema Bahgat. "Nasema hii ya kumi, kumbe ya tano. Dada anacheka mpaka anagaragara. Yeye anapitisha kidole gumba mara moja, anakwambia ni ya ngapi, na kama imechakaa sana au kidogo. Akiwa na miaka minane huyo! Baba anamwambia, 'Wewe ungekuwa mwanamume ningekuachia tramu.'"

Tramu hakuachiwa. Aliolewa na Lutfi, muuza saa kuukuu pale Attarin, wakapata mtoto mmoja, Rawya. Lutfi alipofariki, Inshirah alikalia kiti chake. Saa zilikuwa hazimpendi, anasema Rawya. Kila alichofungua alishindwa kukifunga. Lakini watu walikuwa wakimletea vitu vya marehemu wao, na ndani ya vitu hivyo hazikosekani sarafu. Taratibu saa zikapungua mezani, sarafu zikaongezeka. Miaka ikapita, na mtu yeyote mjini mwenye sarafu akawa anaambiwa neno moja tu, mpelekee Ummu Rawya.

Sasa ngoja niwaambie alivyofanya kazi, maana wengine walidhani anabahatisha. Kwanza alikuwa haitazami sarafu. Anaishika kwa kingo zake, anaitupa kidogo juu ya kipande cha marumaru na kusikiliza mlio. Halafu sumaku. Halafu mizani ndogo ya sonara. Macho yanakuja mwisho, na kioo cha kukuzia. Anatazama kishada cha tarbushi ya mfalme, anatazama shavu, anatazama ukingo kama meno yake bado yapo.

"Huyu mfalme amesafiri sana," anasema. "Ametembea mifuko elfu kumi. Angalia, hata pua hana."

"Lakini Mama, ina miaka themanini!" mteja anapiga kelele.

"Na mimi nina sitini, mbona hakuna anayenitolea milioni? Sikiliza, mwanangu. Usiniulize ina miaka mingapi, niulize zilitengenezwa ngapi. Hizi walizifyatua mpaka mashine ikaomba likizo. Kila nyumba Misri inayo moja kwenye droo."

Kisha anatoa hukumu. Na hukumu yake, wasikilizaji wapendwa, ilikuwa haina pauni ndani yake. Aliipima kwa sandwichi za ful, haya maharage yetu ya kila asubuhi. "Sandwichi moja!" anatangaza kwa sauti, soko zima linasikia. Sarafu nzuri kidogo, "Sandwichi mbili, na kachumbari!" Sarafu iliyolika kabisa, "Harufu tu, pita mbele ya duka uvute pumzi!" Basi watu wanavunjika mbavu, muuza taa anapiga makofi, na mwenye sarafu, hata kama roho inamuuma, anajikuta naye anacheka. Wapo waliokuja Attarin hawana sarafu, wamekuja kusikiliza tu.

Ninyi mliokwenda kwake miaka ya karibuni hamkuyaona hayo. Mlimkuta mama mpole, anayetazama sarafu yako mara mbili, mara tatu, halafu anaandika bei kwenye kipande cha karatasi, anakikunja na kukutilia mkononi bila kusema neno. Mkashangaa. Mkasema labda ameugua koo. Hakuwa anaumwa koo. Kilichomnyamazisha kilitokea miaka kumi na moja iliyopita, na waliotusimulia ni watu wake wa damu, Rawya binti yake na Bahgat mdogo wake. Tumewauliza mara mbili kama wanataka kweli lisemwe. Wamesema lisemwe.

Miaka kumi na moja iliyopita ilizagaa picha kwenye simu za watu. Sarafu ya mfalme, milimu ya kawaida kabisa, na chini yake maandishi: imeuzwa kwa milioni, angalia nyumbani kwako. Loo, mnakumbuka! Mji mzima ulipekua makabati. Watu walibomoa mpaka sakafu. Na Bahgat, akiwa kwenye kibanda chake cha pasi, akaonyeshwa picha hiyo na mteja aliyekuja kuchukua suruali. Akaacha pasi juu ya suruali ya mtu. Alikuwa amelikumbuka kopo la baba.

Kopo alikuwa nalo yeye, kwa kuwa ndiye aliyeishi na mama yao mpaka mwisho. Na alikuwa na haja. Binti yake Nermin alikuwa amechumbiwa, na upande wa bibi harusi, ambao kwa desturi yetu ndio unaoleta vitu vya jikoni, ulikuwa bado haujanunua friji, wala jiko, wala vyombo vya jikoni. Mchumba ni kijana mwema lakini mama yake mchumba, eh, ana ulimi. Bahgat alikuwa hapati usingizi.

Basi alilimwaga lile kopo mezani. Sarafu mia nne na kitu, zote za kahawia, chafu, zina rangi ya chai iliyokaa. Akaona aibu nazo. Nyumbani kwao mama yao alikuwa amewalea kwamba kitu hakitoki mlangoni kwenda kwa watu kikiwa kichafu, iwe sufuria, iwe zulia, iwe mtoto. Alizisugua kwa siku tatu, yeye na mkewe, kwa limau, chumvi na majivu, moja moja, mbele na nyuma, mpaka zikameta kama vyombo vya shaba vilivyotayarishwa kwa Idi. Akazitia kwenye kitambaa cheupe alichokipiga pasi mwenyewe. Akapanda tramu kwenda kwa dada yake.

Wanaojua mambo ya sarafu wameshashika kichwa huko waliko. Ukiisugua sarafu ya zamani umeichuna ngozi. Hata ile iliyokuwa na thamani kidogo, thamani hiyo imekwenda na maji ya limau. Bahgat hakujua. Angejuaje? Kazi yake ni kutoa madoa.

Ilikuwa saa tano asubuhi na soko limefurika, kwa sababu ya picha ile ile. Bi Inshirah alikuwa na foleni mbele yake. Bahgat akakata foleni akitabasamu, akafungua kitambaa mezani. "Dada, za baba hizi. Nimezitayarisha. Tafuta ile ya milioni, tumuoze Nermin."

Rawya alikuwa amesimama pale, amemletea mama yake chakula. Anasema mama yake alizitazama zile sarafu na uso ukambadilika. Alizipitia haraka haraka, kioo hakikugusa hata jicho. Robo saa haikufika. Kisha akainuka kwenye kiti, akatangaza kwa sauti ambayo Rawya hajawahi kuisikia tena.

"Haya, jamani! Kopo zima la kondakta Zaki, lililooshwa na mpiga pasi! Sandwichi moja, ile ya jana, na mwenye kuila aombewe!"

Soko likaangua kicheko. Walicheka kama walivyozoea kucheka, masikini, hawakujua. Bahgat akawa amesimama katikati na kitambaa chake cheupe. Akasema kwa sauti ndogo, "Inshirah, mbele za watu?" Naye akajibu, na hili Rawya analisema akilia, "Ungekuwa na akili usingezigusa." Bahgat akakunja kitambaa, pembe nne, vizuri, kama anavyokunja shati la mtu. Akaondoka.

Kwa nini, Bi Inshirah? Kwa nini mdogo wako, siku hiyo, kwa maneno hayo? Rawya alimuuliza jioni ile ile, na jibu alilopewa ndilo hili. "Zile sarafu zilikuwa na mikono ya baba. Rangi ile ilikuwa ni mikono yake. Nilizijua tangu mdogo, weusi wake, mpaka harufu. Nikaziona zinang'aa, hakuna baba. Nilitaka kulia, Rawya. Nikaona haya kulia sokoni, nikafanya mzaha."

Kesho yake alikwenda Bakos kuomba radhi, na hakufunguliwa mlango. Akaenda tena wiki iliyofuata. Na hapo ndipo jirani wa Bahgat, mama mmoja wa ghorofa ya chini, alipomwambia ngazini habari mpya: "Hukusikia? Mdogo wako amezipeleka zile sarafu Kairo. Amepata mnunuzi mkubwa. Kumbe mlikuwa na mali ndani na wewe ukamcheka!"

Bahgat mwenyewe ndiye aliyewaambia hivyo majirani.

Wasikilizaji wapendwa, hebu tusimame hapa kidogo. Mwanamke huyu alikuwa na kitu kimoja tu duniani ambacho ni chake, na hicho ni jicho lake. Nyumba ya kupanga. Mume amekwenda. Lakini jicho lake watu waliliamini kuliko karatasi ya serikali. Sasa anaambiwa kwamba mara moja tu jicho hilo limekosea, na limekosea kwa ndugu yake, siku aliyokuwa na shida, mbele ya watu wote. Na aliamini! Aliamini kwa sababu alijua kwamba siku ile hakutazama vizuri. Alikuwa na hasira, machozi yako karibu, sarafu zinameta zinamuumiza macho. Miongoni mwa zile mia nne ingeweza kabisa kuwemo moja aliyoipita.

Alirudi Attarin akiwa mtu mwingine. Sandwichi zikaisha. Bei zikaanza kuandikwa na kukunjwa. "Mtu asichekwe tena hapa," alimwambia muuza taa. Na kila aliyempa karatasi alimwambia, "Nenda ukamuulize na mwingine, huenda nimeona vibaya." Yeye! Ummu Rawya!

Nermin aliolewa mwaka ule. Kadi haikuja. Bi Inshirah alivaa nguo yake ya buluu, akaenda akasimama upande wa pili wa barabara, karibu na muuza juisi ya miwa, akamwona bibi harusi akitoka na ngoma na vigelegele. Akapiga kigelegele kimoja kutoka kule aliko. Rawya anasema, "Mjomba alisikia. Aligeuza kichwa. Mimi nilimwona."

Kila Idi alipeleka biskuti za sukari alizooka mwenyewe. Mke wa Bahgat alizipokea mlangoni, akimbusu, akimwambia, "Vumilia, wifi, moyo wake utalainika." Ndani pasi inasikika ikipumua mvuke. Na kila mara Bi Inshirah aliacha ujumbe ule ule: "Mwambie anisamehe. Mwambie najua nilikosea bei. Aje aniambie tu ilikuwa ipi, nijue." Miaka kumi na moja. Alitaka kujua ilikuwa sarafu gani. Alinunua hata vitabu vya bei za sarafu, anavisoma na kioo, anatafuta ipi kati ya za baba ingeweza kuwa ndiyo.

Jumanne iliyopita moyo wake ukasimama, akiwa anachemsha chai. Alizikwa siku hiyo hiyo baada ya swala ya adhuhuri. Bahgat alikuja mazikoni. Alishika jeneza upande wa mbele na hakukubali kubadilishwa mpaka makaburini.

Siku ya tatu ya matanga, watu wakiwa wamekaa na kahawa isiyo na sukari, Bahgat aliingia chumbani kwa Rawya na kopo la biskuti mkononi. Rawya alidhani macho yanamdanganya. "Mjomba, si uliziuza?"

Sasa nawasomea maneno ya Bahgat kama tulivyoyaandika. Tulimkaribisha hapa studioni akasema hawezi, sauti itamkatika. Alikubali tuyaandike.

"Siku ya tatu baada ya ugomvi nilikwenda Kairo. Nilimpata mzee mmoja anayepima sarafu, nikamlipa azitazame zote, moja moja. Alizitazama siku mbili. Akaniambia, 'Ndugu yangu, hizi ni za kawaida, zimetumika mpaka zimechoka, na mtu mjinga amezisugua. Hakuna kitu.' Nikamwambia dada yangu kasema hivyo hivyo kwa robo saa. Akasema, 'Basi dada yako ni fundi, ungebaki kwenu.' Nikapanda treni. Nilikuwa najua, wallahi, tangu siku hiyo nilikuwa najua. Treni iliposimama Sidi Gaber, kutoka pale kwenda nyumbani kwake ni mwendo wa dakika kumi. Sikuteremka. Nilipofika Bakos watu wakaniuliza, zimekwendaje? Wale waliosikia nilivyochekwa. Ningesema nini? Nikasema nimepata mnunuzi. Neno lilinitoka hivyo tu. Nikafikiri dada akisikia atakasirika, basi. Sikufikiri ataamini. Nilijua ananijua, na anazijua zile sarafu. Zile biskuti za Idi na ujumbe, mke wangu aliniambia tu kwamba dada anaomba msamaha, habari ya bei hakunifikishia. Nikadhani anaomba kwa ajili ya kicheko. Nikawa naona haya zaidi. Kila mwaka nasema mwaka huu nitakwenda. Rawya ndiye aliyenieleza kwamba mama yake alikufa akiamini amekosea bei. Siku ya tatu ya matanga ndiyo nimejua. Nimekwenda kaburini nikamwambia. Nimemwambia mara nyingi. Hajibu mtu."

Rawya tulimuuliza kama amemsamehe mjomba wake. Akasema, "Ni mjomba wangu. Sina mwingine. Lakini mama yangu alisoma vile vitabu mpaka wiki ya mwisho."

Wasikilizaji wapendwa, mimi sina hukumu ya kutoa. Mmoja alimuumiza mwenzake kwa neno la kweli, mwingine akamuumiza kwa neno la uongo, na wote wawili walikuwa wakipendana, hilo halina ubishi. Kinachoniuma ni udogo wa kile kilichohitajika. Dakika kumi za kutembea kutoka Sidi Gaber. Maneno mawili mlangoni. Wewe unayenisikiliza hapo ulipo, jikoni, dukani, kwenye teksi, huenda yupo mtu aliyekwambia jambo ukamkatalia, na baadaye ukagundua kwamba alikuwa sahihi. Unajua mwenyewe ni nani. Sijui kama yeye anajua kwamba wewe unajua. Fikiria hilo leo, na kama ana simu, mpigie.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa redio hii tunatoa rambirambi zetu kwa Rawya, kwa Nermin na watoto wake, kwa wafanyabiashara wa Attarin, na kwako, Bahgat Zaki, ndugu yetu. Mwenyezi Mungu awape subira, na amrehemu Bi Inshirah, ampe mapumziko mema.

Bahgat ametuomba jambo moja. Alisema dada yake alimwaibisha mbele za watu, na yeye akamdhalilisha mbele za watu, kwa hiyo na hili lisemwe mbele za watu. Tunalisema, basi, hewani, mji mzima usikie. Sarafu za kondakta Zaki zilipimwa upya Kairo, zote, kwa siku mbili. Hakukuwa na hata moja yenye thamani. Bi Inshirah hakuipita yoyote. Tunarudia, kwa yeyote ambaye hakusikia vizuri: Bi Inshirah Zaki hakukosea.